Kopo la Mlangoni Nalo Ni Shamba

Hivi majuzi tulipita katika jumba moja la kupangisha, mashariki ya jiji la Nairobi, tukakuta karatasi imebandikwa ukutani karibu na ngazi. Karatasi hiyo iliwaamuru wapangaji wote waondoe makopo, ndoo na magunia yenye mimea katika roshani na milangoni kabla ya Jumamosi. Atakayekaidi, iliendelea kusema, vitu vyake vitatupwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba vitu hivyo vinaharibu sura ya nyumba. Hapakuwa na neno lolote juu ya maji yanayodondoka, wala juu ya uzito, wala juu ya usalama wa watoto wanaocheza chini. Sura tu.

Katika ghorofa ya tatu tulimkuta mama mmoja ambaye makopo yake yalikuwa sita, yamepangwa kando ya mlango kama wanafunzi kwenye mstari. Kopo la kwanza lilikuwa na mrehani, la pili dania, la tatu na la nne mchicha, la tano vitunguu vya majani. La sita lilikuwa limepakwa rangi ya buluu na mwanawe aliye darasa la nne, na ndani yake mlisimama mche mmoja wa sagaa, uliotokana na mbegu alizoletewa na mama yake mzazi kutoka Kisii.

"Mchicha nitapanda tena, ndugu yangu," alituambia. "Lakini hii ya mama, wakiitupa, nitaitoa wapi? Mama mwenyewe ni mzee."

Swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Maoni yetu ni haya. Bustani ndogo ya nyumbani si uchafu, wala si mchezo wa wenye pesa wanaopenda vyungu vya bei kubwa. Ni sehemu ya utamaduni wetu. Ni pambo la nyumba, ni darasa la watoto, na ni ghala la mbegu. Mtu anayelipiga teke kopo la namna hiyo hajui ni vitu vingapi anavipiga teke pamoja nalo.

HAIKULETWA NA MELI

Wako watu miongoni mwetu wanaodhani kwamba kupanda mimea katika chombo na kuiweka mlangoni ni jambo tuliloiga kutoka ng'ambo. Watu hao tungewaomba waende Lamu. Nyumba kongwe za mawe za mji ule, ambao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, huwa na kiwanda. Si kiwanda cha mitambo, bali ni ule ua wa ndani ulio wazi kwa juu, unaoingiza mwanga na hewa katikati ya kuta nene. Waswahili hawakuwa na ardhi ya kuchezea katika miji yao iliyosongamana, nyumba ikigusa nyumba, lakini ua ulipata mrehani wake, na penye nafasi kidogo palipata mwasmini. Asmini zilitungwa kwa uzi zikavaliwa nyweleni. Mrehani, mkadi na maua mengine vikafungwa vikuba vya kutia harufu nzuri nguoni. Hata leo, ukipita Mombasa jua linapokuchwa, utawakuta akina mama wakiuza asmini.

Tuangalie na bara. Mama wa kijijini, hata kama mumewe alikuwa na shamba la ekari nyingi, alikuwa na kipande chake nyuma ya jiko. Hapo ndipo palipotupwa majivu na maganda, na udongo wake ukawa mweusi na laini. Hapo mboga zilijiotea zenyewe, na mmalenge ukatambaa hadi juu ya paa. Mama huyo hakwenda sokoni kutafuta kitoweo cha jioni. Alitoka na ungo mkononi, akazunguka jiko, akarudi na chakula. Na binti yake alipoolewa, au alipomfuata mumewe mjini, katika fundo la leso mlikuwa na mbegu.

Miji yetu basi imejengwa na watu waliofika na mbegu nguoni. Wale waliokulia katika mitaa ya zamani ya Nairobi, kama Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940, au Buruburu iliyoanza katika miaka ya 1970, wanakumbuka makopo ya Kimbo na Kasuku yaliyopangwa madirishani, yakiwa na maua au vitunguu. Mwaka 1985 shirika la Mazingira Institute lilifanya uchunguzi katika miji sita ya Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Yalionyesha kuwa takriban asilimia 29 ya jamaa za mjini zilikuwa zikilima chakula ndani ya mji ule ule walimokaa. Katika miaka hiyo askari wa baraza walikuwa wakifyeka mahindi yaliyopandwa kando ya barabara, na mvua iliyofuata mahindi yakapandwa tena. Mtu hawezi kufyeka tabia.

MBACHAO NA MSALA

Siku hizi bustani ndogo imekuwa fasheni. Ukitembea kando ya barabara kuu za Nairobi utakuta vitalu vya miche vimejipanga, na mbele yake vyungu vya kila rangi, vingine virefu kama mtoto wa miaka mitano. Katika simu za vijana mna picha za kuta zilizofunikwa majani na vyungu vinavyoning'inia kwa kamba. Hatuna ubaya na mapambo hayo. Nyumba ni ya kupendezesha, na jicho nalo lina njaa yake.

Tunalolisikitikia ni jingine. Tumeona jamaa wakinunua chungu kwa maelfu ya shilingi, na ndani yake mmea wasioujua jina wala asili. Baada ya majuma matatu mmea umekufa, kwani chungu hakikuwa na tundu hata moja chini na mizizi imeoza kwa maji. Hapo watasema, "Mimi mkono wangu hauoteshi kitu." Na jamaa hao hao, wakiona sagaa imejiotea nyuma ya nyumba, humwita kijana aing'oe kwa kuwa ni gugu. Wazee walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala ni mzuri, lakini mwenyewe yuko njiani, na akiondoka ataondoka nao.

Hebu tuitazame hiyo sagaa. Wakisii huiita chinsaga. Kwa Waluo ni dek, kwa Wakalenjin saget, kwa Waluhya tsisaga, na katika Kiswahili ni mgagani. Hayo ni majina matano ya mboga moja, na kila jina lina namna yake ya kupika. Wako wanaoichemsha kisha wakaitia maziwa na kuiacha ilale, ili uchungu wake upungue na utamu utokee siku ya pili. Wako wanaoichanganya na mnavu, ambao wengi wetu hapa Kenya tunauita managu, au na mlenda ili ishuke kooni kwa urahisi. Maarifa hayo hayakuandikwa popote na akina mama wale. Yaliandikwa mikononi mwao.

Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa, zikaitwa chakula cha maskini. Mtoto aliyezibeba shuleni alichekwa. Waliosaidia kuligeuza jambo hilo wanastahili kutajwa. Miongoni mwao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, aliyetumia miaka mingi kuzichunguza mboga za kienyeji na kuonyesha thamani yake kwa mwili, na Bwana Patrick Maundu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, aliyekusanya habari za vyakula vya makabila yetu. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi iliyofanywa Kenya ya kuendeleza vyakula vya asili na kuhifadhi mapishi yake katika sajili yake ya mifano bora ya kulinda utamaduni. Leo managu na sagaa zinauzwa katika maduka makubwa, zimefungwa vizuri, na mara nyingi bei yake imeipita ya sukuma wiki.

Hiyo ni heshima. Lakini heshima ya dukani haitoshi. Mtoto wa ghorofani anaijua mboga iliyokwisha kuchumwa na kufungwa. Haijui ikiwa na maua, wala hajapata kuiona mbegu yake. Utamaduni uliobaki katika vitabu vya wataalamu na rafu za duka, na kutoweka mikononi mwa watoto, ni utamaduni unaongoja kufa.

NAMNA YA KUANZA

Msomaji atauliza, "Mimi nina chumba kimoja na kizingiti, nitaanzia wapi?" Anzia kwenye kopo. Haba na haba hujaza kibaba.

Chukua kopo la lita 4 au ndoo kuukuu, ulitoboe chini matundu manne au matano kwa msumari, kisha utandaze kokoto chache ndani ili maji yapite. Changanya udongo sehemu mbili na samadi sehemu moja. Samadi iwe imeoza hadi haina harufu, kwa maana samadi mbichi huunguza mizizi. Mchicha ndio mwalimu mzuri wa wanaoanza. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzinyunyiza, uzifunike kwa udongo mwembamba tu, na unyunyize maji kwa upole. Baada ya majuma matatu hadi manne utakuwa na mboga. Mtoto ambaye hana subira ataweza kungoja majuma matatu.

Sagaa ina tabia zake. Mzizi wake mkuu huenda chini moja kwa moja na haupendi kuhamishwa, kwa hiyo ipande pale pale itakapokulia. Mbegu zilizotoka kuvunwa husinzia. Zikikaa miezi kadhaa mahali pakavu huota vizuri zaidi. Wengi hupanda mbegu mpya, wakaona hakuna kilichoota, wakalaumu udongo. Na ikianza kutoa maua mapema, yavunje yale ya kwanza ili majani yaendelee kuja, lakini uache tawi moja lizae mbegu. Tawi hilo ndilo la mwakani.

Mwenye nafasi kidogo chini, kando ya ukuta, atengeneze gunia. Utahitaji gunia kubwa la nafaka, udongo na samadi, kokoto, na kopo kubwa lililokatwa pande zote mbili likabaki kama bomba fupi. Tia udongo kidogo ndani ya gunia, simamisha kopo katikati, ulijaze kokoto, kisha ujaze udongo pande zote kulizunguka. Livute kopo juu taratibu; kokoto zitabaki. Lijaze tena kokoto, uzungushe udongo tena, uvute tena, hadi gunia lijae. Sasa una nguzo ya mawe katikati ya gunia, ambayo itapeleka maji kutoka juu hadi chini. Toboa matundu ubavuni, kila moja likiwa mbali na jingine kwa kadiri ya shubiri moja, upandike humo miche ya sukuma wiki, spinachi au managu. Juu ya gunia panda dania, vitunguu au pilipili. Gunia moja linaweza kubeba miche 30 hadi 40, mahali ambapo chini pangetosha miche michache tu.

Maji ya kuoshea mchele na mboga usiyamwage. Hayo ni kinywaji cha gunia. Mboga za majani zapenda jua la saa kadhaa kwa siku, kwa hiyo kabla ya kuchagua mahali, tazama siku moja kivuli kinavyotembea. Ukiona vidudu vidogo vimejazana chini ya majani, vipanguse kwa mkono na maji, au unyunyize majivu ya jikoni kama walivyofanya bibi zetu.

UZURI USIO WA KUAZIMA

Yuko atakayesema kwamba makopo yenye kutu hayapendezi, na mwenye nyumba ana haki ya kulalamika. Hapo twakubaliana naye kwa sehemu. Bustani ndogo ikiwa mbele ya mlango wa watu na iwe na adabu, ipangwe vizuri na kusafishwa. Lakini uzuri si lazima utoke mbali wala uwe ghali.

Tazama kwanza stoo yako. Mtungi uliopasuka ufa hauwezi tena kuweka maji ya kunywa, lakini kwa mrehani umekuwa nyumba nzuri, na ule ufa ndio njia ya maji. Karai iliyotoboka imekwisha kutobolewa. Kazi hiyo umeepushwa. Kinu cha babu kilichooza tako, sufuria iliyopoteza masikio, beseni la mtoto aliyekwisha kukua, vyote hivyo vyafaa. Kikapu cha ukili kilichochakaa, ukikiwekea kopo ndani, kitapendeza kuliko plastiki yoyote. Wape watoto brashi na rangi kidogo wapake upande wa nje. Kopo la buluu la yule mtoto wa darasa la nne lilikuwa na michirizi na alama za vidole, na lilikuwa zuri kupita vyote tulivyoviona mwaka huu.

Na ukiwa na shilingi za kununua, zipeleke kwa mafundi wetu. Wafinyanzi wa Ilesi, karibu na Kakamega, hufinyanga vyungu vya udongo ambavyo hupumua, hata mizizi ikakaa baridi wakati wa jua kali. Mafundi wa Kamukunji, wanaogonga mabati kutwa, wakichorewa umbo wataligonga: sanduku refu jembamba la kukaa juu ya ukuta wa roshani, au ngazi ya vyombo vitatu. Waambie tu watoboe matundu chini. Pesa hizo zitalala Kenya, na utakuwa na chombo ambacho jirani hana mfano wake.

YASIYOFAA

Tusiwe watu wa kusifu tu. Yako makosa yanayoweza kuigeuza bustani kuwa balaa, na kwa upande huo wenye nyumba wana hoja.

Kwanza, gunia kubwa lililojaa udongo na kuloweshwa maji huweza kupita kilo 100. Mahali pake ni ardhini, si kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Huko juu weka vyombo vyepesi, na uviweke upande wa ndani wa ukingo, uvifunge kwa waya. Chungu kinachoanguka hakichagui kichwa.

Pili, maji yanayosimama katika visahani huzaa mbu. Watu wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa jinsi chikungunya ilivyowakunja viungo mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Mbu anayeieneza hupenda maji machache safi karibu na nyumba za watu. Kimwage kisahani kila baada ya siku chache, au ukijaze mchanga.

Tatu, usipande chakula katika makopo yaliyokuwa na rangi, dawa za kuua wadudu au mafuta ya gari, wala katika udongo uliochotwa mahali palipochomwa taka au kuvunjwa betri. Risasi ya betri huingia udongoni na haitoki kwa mvua moja wala mbili, na wanaoumia zaidi ni watoto. Wala usinyweshee mboga maji ya mtaro. Mboga iliyonawiri kwa maji machafu huleta ugonjwa mezani.

GUNIA SI MSHAHARA

Tunataka pia kusema neno la haki. Bustani ya magunia ilipata sifa hapa kwetu katika wakati mgumu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, masoko ya Kibera yalipokuwa yameharibiwa na chakula kimepanda bei, shirika la Solidarités kutoka Ufaransa liliwagawia watu wa huko miche na kuwafundisha kupanda katika magunia. Maelfu ya jamaa walipanda. Waliokuwa wakilala na ugali mkavu wakapata mboga, na waliobakiwa na kidogo waliwauzia au kuwagawia majirani, katika mtaa ambao majirani walikuwa wametoka kuogopana. Hilo la mwisho tunaliona kuwa kubwa kuliko mboga zenyewe.

Lakini magunia hayo hayakuwapa unga, wala hayakulipa kodi ya nyumba. Gunia ni kitoweo; si mshahara. Kiongozi asije akasimama jukwaani akawaambia watu wenye njaa kwamba dawa ya njaa ni wao kupanda mchicha katika kopo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa. Kopo la mwananchi halimwondolei mkuu yeyote mzigo huo.

TUNAYOYAOMBA

Sheria si adui wa bustani hizi tena. Kaunti ya Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Mwaka 2020, katika dhiki ya Korona, serikali ilianzisha mpango wa bustani milioni 1 za jikoni. Na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitengua vifungu vya sheria ya mbegu vilivyoweza kumtia mkulima hatarini kwa kugawa au kuuza mbegu zake mwenyewe ambazo hazikusajiliwa, kosa lililokuwa na adhabu ya hadi miaka 2 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima wadogo ndio waliopeleka kesi hiyo. Ingekuwa ajabu basi ikiwa mahakama imemruhusu bibi kumpa binti yake mbegu, halafu karatasi iliyobandikwa kwenye ngazi ikamkataza binti kuzipanda.

Kwa hiyo twawaomba wenye nyumba waandike masharti badala ya marufuku. Semeni uzito gani unaruhusiwa, vyombo viwekwe wapi, maji yasidondokee nani. Mpangaji mwenye kopo la mrehani mlangoni ni mpangaji anayekusudia kukaa. Anayekusudia kuhama kesho hapandi kitu.

Twawaomba wakuu wa kaunti na wachoraji wa majumba waache nafasi. Majumba ya siku hizi yanajengwa ukuta kwa ukuta, na pale palipokuwa na bustani mbele ya nyumba za zamani pamejengwa vibanda vya biashara. Ukanda wa udongo wa hatua tatu kando ya ukuta, na bomba moja la maji ya mvua kutoka paani, havitamfilisi mjenzi yeyote.

Na nyinyi wazazi, twawaomba jambo dogo kuliko yote. Mtakaporudi nyumbani kwa wazee msirudi na kuku na ndizi peke yake. Muulizeni nyanya mbegu, na muulizeni jina lake, na namna anavyoipika. Mpeni mtoto kopo moja liwe lake, alinyweshee mwenyewe, na likikauka msimfichie kwa kununua jingine usiku. Kukauka nako ni somo.

Tulirudi katika lile jumba Jumatatu iliyofuata. Wapangaji walikuwa wamekaa na msimamizi, wazee wawili wakawa kati, na wakaafikiana. Magunia yameteremshwa chini kando ya ukuta wa nyuma. Makopo yamebaki milangoni, yamefungwa kwa waya, na kila kisahani kimetiwa mchanga. Karatasi imebanduliwa, ingawa alama ya gundi ingali ukutani.

Lile kopo la buluu lilikuwa mahali pake. Sagaa ilikuwa imeachiwa tawi moja, na vikonyo vyake vilikuwa vimekauka. Mama yule alivivunja juu ya kiganja, akapuliza makapi, akatufungia mbegu chache katika kipande cha gazeti. Alitwambia tusizipande upesi; tuziache zilale kwanza. Tumeziweka mezani hapa ofisini, na kopo tunalo. Msomaji je?